Mfereji wa Bondeni

Baba alikufa Novemba. Februari ilipofika, msitu wetu wa misonobari ulikuwa bado haujachomwa. Kila majira ya baridi Baba ndiye aliyeuchoma, ili vichaka visiyakabe majani. Nami nilikuwa nimerudi Florida na digrii yangu, kwa hiyo kazi ikaniangukia.

Sikuwa nikilia. Nilikula nilichowekewa, nikalala.

Kitu kimoja tu nilikijali: bonde la majimaji nyuma ya misonobari. Huko ndiko yanakoota maua ya rangi ya chungwa, yenye vichwa kama ncha ya kidole gumba. Kila Mei, siku ya kusafisha makaburi, Mama huyachuma kwa ajili ya wafu wetu. Mwaka huu Baba angekuwa miongoni mwao. Moto usiyaguse, niliwaza. Nikawasha trekta, nikalizungushia bonde mfereji.

Baba mdogo Verlon alipokuja kunisaidia kuchoma, aliutazama mfereji ule kwa muda.

"Msomi, umewachimbia mamba barabara?"

"Nayakinga maua, Ba'mdogo."

Alifungua mdomo, akanitazama usoni, akaufunga.

"Haya. Upepo ni mzuri. Tuwashe."

Msitu uliungua taratibu, moto mfupi usiopita magoti. Ulipofika mferejini ukazimika.

Mei, Mama alichukua kikapu tukaenda bondeni. Ardhi ilikuwa ngumu, maji yote yameingia mferejini yakaenda zake. Nyasi kavu za mwaka uliopita, ambazo moto haukuzifikia, zilikuwa zimelala juu ya kila kitu. Tulizipekua kwa mikono mpaka mgongo ukaniuma. Tulipata maua matatu.

"Ba'mdogo alijua," nilisema.

"Hata mimi nilijua. Niliuona mfereji kutoka jikoni."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikuwa na nguvu za kusema, mwanangu. Wala wewe hukuwa na nguvu za kusikia."

Nilichutama kuyachuma yale matatu. Mama akanishika bega.

"Yaache yadondoshe mbegu."

"Na Baba je?"

"Baba yako angekuchapa ukimpelekea hayo."

Nusura nicheke. Tulikwenda makaburini na kikapu kitupu. Makaburi ya jirani yalikuwa na maua ya plastiki. Tuling'oa magugu juu ya Baba, tukasawazisha mchanga kwa viganja. Jioni nilichukua koleo, nikaanza kuufukia mfereji. Mama alikuja na koleo la pili, akaanzia upande wa pili.