Asumini za Mchagoni

Kitanda kilikaa uani tangu siku ya tatu ya msiba, chini ya banda la makuti, kimepinduliwa matendegu juu kama mbuzi aliyefungwa. Bi Mwanapili ndiye aliyeamuru kitolewe. Mumewe, Mzee Jecha, aliugulia juu yake tangu msimu wa karafuu, na juu yake roho ikamtoka.

"Kitoeni," alisema mjane. "Sitaki kukitia machoni."

Toka hapo akawa analala chini, juu ya mkeka.

Lakini masika ya mwaka ule wa hamsini na nane yalikuwa mazito. Nyumba yao ya Tibirinzi ilikuwa ya udongo, na sakafu ilinyonya maji mpaka mkeka ukafanya ukungu. Mwatum, binti yao wa pekee, alikuwa akimsikia mamaake akikohoa chumba cha pili. Kikohozi kilianza kidogo kidogo, kikashuka kifuani, na sasa kila kikimshika humwacha hana pumzi. Baba naye alianza hivi hivi. Mwatum alilijua hilo, ila hakuwa msichana wa maneno. Hata wageni wakipiga hodi, huitikia chini kwa chini na kukimbilia jikoni.

Akawaza peke yake: mama hakichukii kitanda, anachukia sura yake. Kikibadilika sura, atakilalia.

Shaame, mtoto wa mamaake mdogo, alikuwa fundi wa kupaka rangi magari ya abiria pale Chake. Mwatum akamwomba mabaki ya rangi.

"Wataka kupaka nini?" Shaame akauliza.

"Kitu."

"Kitu gani?"

"Kitu tu."

Shaame akacheka. "Haya, chukua, bibi harusi wa siri."

Bi Mwanapili yumo edani, hatoki chumbani ila kwa udhu, na huko uani hageuzi uso. Mwatum akaloweka majani ya msasa, akasugua vanishi iliyokwisha kuwa nyeusi kama masizi, mpaka ngozi ya vidole ikamchunika. Kwenye tendegu la upande wa mlango palikuwa na pahala pamelika, pameng'aa, upana wa kiganja. Hapo ndipo baba alipokuwa akishika kila alfajiri, akishuka kwenda kusali. Mwatum akasita. Kisha akapasugua kama pengine, akapapaka buluu. Si ndiyo sura yenyewe aliyotaka kuifuta?

Ubao wa mchagoni, upande wa kichwa, ndio aliouweka mwisho. Alikata ua kwenye karatasi ngumu ya boksi la viatu, akaligandamiza ubaoni, akapitisha rangi nyeupe kwa kitambaa: asumini, shada kwa shada, kila ua na kitone cha manjano katikati. Mamaake akiyapenda maua hayo. Zamani haikupita Ijumaa asivae kikuba cha asumini.

Alikuwa akimalizia shada la mwisho alipoingia Bi Mgeni, dada wa marehemu, na kikapu cha muhogo kichwani.

"Yarabi! Mwatum, nini hiki?"

"Kitanda, shangazi."

"Kitanda nakiona, sijapofuka! Mamaako yumo edani. Hatii wanja, hatii hina, hajifukizi hata udi, nawe wamtilia asumini mchagoni? Watu waseme nini? Kwamba kakangu hata udongo haujakauka, mkewe keshapamba kitanda?"

Kitambaa kilimwanguka Mwatum mkononi. Hilo halikumpitikia kabisa. Eda aliijua kwa nguo, na manukato, na kutotoka nje. Hakudhani kuwa hata mbao zina eda. Akataka kusema kwamba maua yenyewe ni rangi tu, hayanukii.

"Usisimame kama kinyago. Yafute kabla hajayaona."

"Keshayaona," ilisema sauti mlangoni.

Bi Mwanapili alikuwa amesimama na nguo zake nyeupe, mkono ukutani, akikohoa. Kikohozi kilipomwachia, alikuja mpaka kitandani. Maua aliyatazama tu. Akaliendea tendegu la upande wa mlango, akaupitisha mkono juu, akaushusha chini, kama mtu atafutaye komeo gizani.

"Pa wapi?"

"Nini, mama?"

"Pa mkono wake."

Hapo Mwatum alilia. "Nimepapaka. N'lidhani hukitaki kwa kuwa chamkumbusha baba. Wakohoa, mama. Baba alianza hivi hivi. Sitaki unife na wewe." Hajapata kusema maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja.

"Kumkumbuka simkumbuki kwa kitanda," mamaake akasema taratibu. "N'likitoa kwa kuwa ni kipana. Kipana mno kwa mtu mmoja."

Bi Mgeni akakitua kikapu. Akauliza, sauti imeshuka, "Na hayo maua, wifi?"

"Maua yatangoja. Nipe ile shuka nyeupe sandukuni."

Rangi ilipokauka walikiingiza chumbani, wanawake watatu. Bi Mgeni mwenyewe ndiye aliyeifunga shuka mchagoni, akaivuta pembe zote mpaka hapakuonekana ua hata moja.

"Eda ikiisha tutaifunua," Bi Mwanapili akasema. "Na wewe, Mwatum, utalala nami, huku ukutani."

Mwatum akaitikia kwa kichwa. Akachukua jani la msasa, akapiga magoti, akasugua buluu ya tendegu mpaka mti ukatokea, mweupe, una michirizi.

Mamaake akapawekea kiganja.

"Si pake," akasema.

Lakini mkono hakuuondoa. Akajishikilia hapo hapo, akapanda.