Namba ya Pili

Feni ya ghala letu hapa Mlali inakoroma kama mzee aliyelala na hasira, na mimi, mwanamume mzima, ndiye mke wake. Ikinyamaza tu, nashtuka. Umeme ukikatika nawasha jenereta ili iendelee kusukuma hewa chini ya mahindi ya kikundi chetu cha wakulima, ambayo hayajakauka vizuri. Yakikosa hewa yanapata joto, kisha sumukuvu, kisha jina langu linapelekwa kikaoni. Ndiyo maana siendi popote. Krismasi sikwenda, Pasaka sikwenda.

Ila ubatizo nilitaka kwenda. Dada yangu Paskazia alikuwa anambatiza mwanawe Jumapili, kule Mpwapwa, na tangu mtoto yuko tumboni alishasema msimamizi ni mimi. Mwenyekiti wetu, Zablon, akanipa sharti: nitengeneze kitu cha kuilinda feni nikiwa sipo, akione Ijumaa kinafanya kazi.

Nikaagiza sensa ya kupima mwendo wa hewa. Ina waya tatu: nyekundu ya umeme, nyeusi ya ardhi, njano ya kuleta ishara. Hewa ikizidi, volti kwenye njano zinapanda, mpaka tano. Kibodi changu, si kile cha kuchapia bali kompyuta ndogo ya ukubwa wa biskuti, hakivumilii zaidi ya tatu na kidogo. Ukikipa tano kinakufa bila kuaga. Basi nikaweka rezista mbili zinazolingana, zikaigawa ile volti nusu kwa nusu.

Nikawasha. Namba zikacheza kama walevi: mia tisa, elfu tatu, sifuri, elfu mbili. Feni yenyewe nilikuwa nimeizima. Siku mbili nilibishana na kile kibodi kwa sauti. Nilikisema, nikakibembeleza, nikakisimulia hata habari za shuleni. Siku ya tatu ndipo nikaona: sensa ilikuwa na betri yake, kibodi betri yake, na waya zao nyeusi sikuwa nimeziunganisha. Kila mmoja alikuwa na sifuri yake. Nikaziunganisha. Feni imezimwa: mia sita na ishirini, imetulia. Feni inazunguka: elfu moja mia nane. Nikakiamuru, ikishuka chini ya elfu moja, kitume ujumbe.

Nikazima feni. Simu ikatetema mfukoni: HEWA IMEKATA. Ulikuwa ujumbe wangu wa kwanza kwa siku tisa, ukiacha wale wanaonishauri nicheze bahati nasibu. Niliusoma mara tatu.

Ijumaa Zablon akaja kutoka Kibaigwa, akatazama, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Hongera, fundi. Sasa huu ujumbe unakwenda kwa nani?"

"Kwangu."

"Na wewe Jumapili utakuwa wapi?"

"Mpwapwa."

Akanitazama, mpaka mwenyewe nikasikia nilichosema.

"Mimi Kibaigwa ni mbali," akasema. "Weka namba ya mtu wa hapa, awashe jenereta. Si una rafiki hapa, Luka?"

Nikasema ninao. Alipoondoka nikafungua simu, nikapitia majina yote. Gaudence yuko Dar. Aneth kaolewa Kondoa. Muuza betri. Muuza betri wa pili. Miaka miwili Mlali, na mtu wa karibu kuliko wote alikuwa jirani ambaye namba yake sikuwa nayo: Bi Batuli, anayeuza mafuta ya alizeti hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Bi Batuli."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Naomba namba yako ya simu."

"We mtoto! Mimi nina wajukuu."

Nikamweleza. Nikamwonyesha jenereta, akaivuta kamba mara moja ikawaka, mimi huwa navuta mara tano. Kisha nikaiongeza namba yake chini ya yangu, nikazima feni tujaribu. Akaishika simu mbali na macho, akasoma.

"Hewa imekata. Ongeza neno ghalani. Nikikutwa nimesinzia na maneno haya mkononi, watanizika."

Nikacheka mpaka koo likauma. Lilikuwa limesahau kazi hiyo.

"Kumbe unacheka," akasema. "Kila siku unatupa shikamoo unakimbia. Nilijua hutaki watu."

Nikaongeza neno ghalani.

Nikampigia Paskazia.

"Dada, nakuja! Ghala limepata mtu."

Mtoto alikuwa akilia nyuma yake.

"Luka, mdogo wangu... paroko alitaka jina la msimamizi wiki iliyopita. Krismasi hukuja, Pasaka hukuja. Tumemwandikisha Brighton."

"Brighton jirani yenu?"

"Ndiye anayembeba kila siku. Lakini wewe njoo tu, ule wali."

"Nakuja," nikasema. "Brighton hawezi kula wali wote ule peke yake."

Jumapili nilikaa benchi la nyuma. Brighton alimbeba mtoto vizuri, kichwa kikiwa juu, mtoto hakulia. Nilikuwa nimeishika simu mkononi muda wote. Haikutetema.