Upendo Wawili

Jumanne asubuhi Upendo alikuwa jikoni akimkorogea mama mkwe wake uji wa ulezi, mwanawe Tumaini akiwa mgongoni, alipojiona anatoka. Yule aliyetoka alikuwa amevaa sketi ya bluu na amebeba mkoba wa kompyuta. Alipita mbele ya dirisha, akashika njia ya chuoni bila kugeuka nyuma. Wingu lilikuwa bado limeukalia mlima wa Uluguru. Upendo aliendelea kukoroga mpaka uji ukaiva, akauepua.

Wiki iliyotangulia alikuwa ameitwa na mkuu wa idara, Dokta Mwinshehe. Upendo alikuwa mhadhiri msaidizi, na kwa shahada ya uzamivu alikuwa akichunguza ugonjwa unaokausha pilipili manga kwenye mashamba ya Kinole. Kazi hiyo ilikuwa imelala tangu mama mkwe apatwe na kiharusi, na mtoto naye alikuwa bado ananyonya.

"Usipowasilisha tasnifu muhula huu, ile nafasi ya mhadhiri nitampa Jackson," alisema Dokta Mwinshehe. Hakuwa mtu mkali. "Sisi hapa tunapenda akina mama wasonge mbele. Lakini na wewe ujipange."

Upendo akamuuliza kuhusu chumba cha kulelea watoto wa wafanyakazi, kile ambacho Bi Sharifa wa dawati la jinsia alikuwa akikiomba kila mwaka.

"Hilo lipo kwenye mchakato," alisema Dokta.

Jackson, mhadhiri msaidizi mwenzake, naye alikuwa na watoto wadogo. Hakuna aliyewahi kumwambia ajipange.

Jioni ya Jumanne ile yule mwenzake aliyetoka asubuhi alirudi na matope ya Kinole kwenye viatu, wakaketi pamoja kuchambua mchicha. Andrea, mume wa Upendo, mwalimu wa sekondari mjini, aliingia akawasalimu. Akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Mtakula wote wawili?"

"Wote."

Akachukua kikapu, akaenda dukani kuongeza unga.

Miezi ya mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mwenzake alikuja na habari za mizizi iliyooza na ukungu alioukuta chini ya darubini, na Upendo, huku akimwogesha mtoto, alimsahihisha palipohitaji kusahihishwa. Walikuwa na akili moja. Lakini kadiri siku zilivyosonga, mwenzake alianza kutaja vitu ambavyo Upendo hakuvijua. Maziwa ya mwenzake yalikauka. Baadaye akawa anarudi amechoka, anakula kimya, na akiulizwa anasema, "Leo siwezi kueleza. Ni habari ndefu."

Siku moja Upendo aliomba wabadilishane. Mwenzake hakukataa, akavua sketi akampa.

Upendo alifika idarani saa mbili asubuhi. Wanafunzi aliowafundisha mwenyewe mwaka wa nyuma walisimama kwa adabu. "Shikamoo, mama," alisema mmoja. "Unamtafuta nani?" Dokta Mwinshehe alimkaribisha kwenye kiti cha wageni na kumuuliza kwa upole kama amemletea Upendo chakula. Upendo akasema ndiyo. Alikaa pale kidogo, akaitazama meza yake kupitia mlango uliokuwa wazi, kisha akarudi nyumbani kwa miguu. Alimkuta Tumaini amelia mpaka sauti imekauka, na mwenzake amesimama katikati ya chumba, mikono haijui pa kumshika. Hawakujaribu tena.

Tasnifu ikapita. Siku ya mahafali, bendi ilisikika mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi. Upendo alikuwa akimgeuza mama mkwe ubavu asipate vidonda. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mama nusu ya mdomo, na kwa nusu hiyo akauliza, "Mbona wewe hukwenda?"

"Nimekwenda, mama."

Mama akaridhika, akafumba macho. Upendo akaenda uani, akasimama karibu na kamba ya nguo. Alikuwa na furaha, ila ilikuwa ile furaha mtu anayokuwa nayo kwa ajili ya ndugu. Akaanua nguo, maana mlimani kulishaanza kuwa kweusi.

Mwezi uliofuata, kwenye kikao, Dokta Mwinshehe alisema kwamba Dokta Upendo ameionyesha idara njia, na kwamba suala la chumba cha watoto sasa halina haja. Watu wakapiga makofi. Dokta Upendo naye akapiga. Bi Sharifa aliuliza kama kuna mwanamume yeyote aliyekwisha kugawanyika. Mwenyekiti akamwambia swali hilo haliko kwenye ajenda. Chumba kilichokuwa kimeombwa kikawekwa viti vya mahafali.

Asubuhi, kwenye nyumba za wafanyakazi, wanawake walianza kuonekana wakitoka huku wamebaki.

Alasiri moja alikuja Josephina, mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mjamzito wa miezi sita. Dokta Mwinshehe ndiye aliyemtuma aje aelekezwe namna ya kugawanyika. Alimwamkia Upendo, akakaa kwenye kigoda, akasaidia kumenya ndizi.

"Inauma?" aliuliza.

"Haiumi."

"Mlichaguaje nani atoke?"

"Hatukuchagua. Mimi nilikuwa nimebeba mtoto."

Josephina akamaliza kumenya ndizi aliyokuwa ameishika.

"Yule tunamwita Dokta Upendo," alisema. "Wewe nikuiteje?"

"Mama Tumaini. Ndivyo wanavyoniita."

Josephina akatoa simu, akahifadhi namba kwa jina hilo. Kisha akauliza kama ni bora aanze wiki hiyo au asubiri mpaka ajifungue.

Mama Tumaini aliinjika sufuria, akafikiri.

"Anza sasa," alisema. "Ukishajifungua hutapata nafasi."