Gari Moja, Magurudumu Mawili

Mama Makali alikuwa akiwaambia watu wa foleni kwamba mjini kote hakuna mwanamke anayemfikia kwa kuendesha baiskeli. Hakuna, akarudia, na kifua akakipiga kwa kiganja. Mwenye gari jeupe aliyesimama mbele yake alipogeuka kumtazama, akaongeza kwamba wanawake wenye baiskeli anaowajua ni wawili tu, yeye na mkunga mmoja, na huyo mkunga amevunjika nyonga.

"Kwa hiyo nimeshinda," alisema. "Ushindi ni ushindi."

Foleni ikacheka kidogo, kisha ikarudi kununa. Ilikuwa saa mbili asubuhi na jua lilikwisha kuruka ukuta wa yadi ambamo manispaa huweka magari iliyoyakamata. Watu walisimama vumbini mbele ya dirisha dogo la nondo, kila mmoja na bahasha yake. Mama Makali hakuwa na bahasha. Alikuwa na karatasi moja, kaikunja mara nne na kuificha kifuani, na mfuko wa turubai wenye visu tisa, mikasi sita na shoka. Vyote vya watu, vyote butu. Hiyo ilikuwa siku yake ya tano pale.

Mlinzi wa getini alipoufungua mfuko ule aliruka nyuma.

"Mama, unakwenda vitani?"

"Kwa visu hivi? Havikati hata ndizi mbivu, baba. Ndiyo maana niko hapa."

Kunoa ndiyo kazi yake. Baiskeli yake mumewe aliiunda kwa mikono miwili alipokuwa bado fundi wa kuchomelea: jiwe la duara mbele ya usukani, mnyororo wa pili, na stendi ya kuinua gurudumu la nyuma. Mama Makali akifika mlangoni kwa muuza nyama, anaiinua, anapanda tena, anapiga pedali bila kwenda popote, na jiwe linazunguka. Wauza nyama, mafundi cherehani, vinyozi, wote walimngojea. Sasa muuza nyama alikuwa amekwisha kumtumia salamu: asipomrudishia visu vyake vimenolewa kufika kesho, anavipeleka kwenye mashine ya umeme, na Mama Makali asigonge tena mlangoni pake. Mafundi cherehani huenda anakokwenda muuza nyama. Kwa hiyo kilichokuwa ndani ya yadi ile hakikuwa chuma na mipira. Kilikuwa sufuria ya nyumbani, na kilichomo ndani ya sufuria.

Alikamatwa kwenye barabara kuu. Barabara ile ilipopanuliwa ilikula njia ya miguu, ikala miti, ikala vibanda vya upande mmoja. Watu waliponung'unika, wakachorewa njia ya baiskeli pembeni, nyekundu, na picha ya baiskeli kila baada ya hatua mia. Siku ya kuzinduliwa wakubwa waliikanyaga kwa viatu vinavyong'aa, wakapigwa picha. Kabla ya adhuhuri madereva wao wakaegesha juu yake, wakiwangoja. Magari hayakuondoka tena. Likiondoka moja linaingia jingine. Siku hizi mtu akitaka kuiona ile picha ya baiskeli sharti alale kifudifudi achungulie uvunguni.

Basi Mama Makali akapita barabarani, ukingoni kabisa, malori yakimpeperusha kanga. Askari wa manispaa akamsimamisha.

"Shuka. Barabara kuu haziruhusiwi baiskeli."

"Nipite wapi, mwanangu?"

"Njia yenu si ile pale?"

"Pale kuna magari."

"Basi pita darajani."

Daraja la waenda kwa miguu lina ngazi sitini na nne za kupanda, na za kushuka zaidi kidogo, kwa kuwa upande wa pili wachimbaji walichimba ardhi bila kuuliza.

"Na jiwe?"

"Libebe."

"Umewahi kubeba jiwe la kunolea, wewe?"

"Mimi nina pikipiki," alisema askari.

Mama Makali akaonyesha yale magari kwa kidevu. "Na hayo mbona huyakamati? Yamekaa juu ya njia yangu."

"Yale yana wenyewe."

"Na hii je? Nimeiokota jaani?"

Wapita njia wakaangua kicheko. Hicho ndicho kilichomponza. Askari anaweza kusamehe kosa, kuchekwa hasamehi. Baiskeli ikarushwa kwenye lori, jiwe chini, gurudumu juu, likizunguka lenyewe hewani, na yeye akaachiwa karatasi.

Karatasi hiyo mumewe aliisoma jioni ile akiwa kitandani. Chumba chao ni kimoja, kimekatwa katikati kwa shuka. Upande wa kitanda kuna dirisha, na chini ya dirisha kuna gongo lake la kutembelea. Alisoma mara mbili, akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Mama watoto, umenunua gari hukuniambia?"

"Gari gani?"

"'Gari moja, magurudumu mawili, kijani, halina milango.'"

Kitabu cha stakabadhi cha manispaa hakikuwa na mahali pa kuandika baiskeli. Kina gari dogo, gari la abiria, lori, trela. Askari alichagua dogo.

"Waachie tu," mumewe akasema alipomaliza kucheka. "Hawa hatuwawezi. Tutatafuta kazi nyingine."

"Ipi? Ya kuyaomba magari msamaha?"

Mumewe akageuzia macho gongo lake. Mwaka juzi alikuwa akivuka barabara ileile, mchana kweupe, na mguu wake wa kulia ukabaki hospitali. Kwenye taarifa waliandika kwamba mwenda kwa miguu aliligonga gari na kuvunja taa yake ya mbele kwa goti.

"Na ukaiwekea dole gumba," Mama Makali akasema polepole.

"Nilikuwa na maumivu. Waliniletea wino kitandani."

"Najua, baba watoto. Sikulaumu. Nasema tu kwamba mimi langu siweki."

Basi akaanza kupigwa danadana. Siku ya kwanza karani wa dirishani, kijana mwenye shati lililopigwa pasi hadi kwenye kola, alimtaka kadi ya gari.

"Si gari, mwanangu. Ni baiskeli."

"Hapa pameandikwa gari."

"Mmeandika nyinyi."

"Ndiyo, na tumeandika gari. Lete kadi, leseni ya udereva na bima."

"Basi kama ni gari, mbona lilikamatwa barabarani? Magari si ndiyo yenye barabara?"

Karani aliisoma karatasi upya. Akaigeuza nyuma, labda jibu liko huko. "Lilikamatwa kwa sababu ni baiskeli," akasema. "Njoo kesho."

Siku ya pili karani hakuwapo. Siku ya tatu alikuwapo lakini muhuri haukuwapo. Siku ya nne alimwona kwa mbali akafunga dirisha. Na siku zote hizo Mama Makali alikwenda na kurudi kwa miguu, mfuko begani, ngazi sitini na nne na za ziada, huku chini yake magari yakipita kila moja limebeba mtu mmoja. Alikuwa akiwahesabu ili ayasahau maumivu ya magoti. Mmoja. Mmoja. Mmoja. Mmoja na mbwa.

Ndiyo ikafika hii ya tano. Mwenye gari jeupe aliyekuwa mbele yake alikuwa mtu wa makamo, mpole, anajifuta jasho kwa tai.

"Wewe walikukamata wapi, kaka?" Mama Makali akamuuliza.

"Niliegesha mbele ya geti la mkurugenzi. Dakika tano tu, dada."

"Ungeegesha kwenye njia ya baiskeli wasingekugusa."

"Ndipo ninapoegesha siku zote," alisema yule bwana, kisha maneno yakamrudia masikioni, akatazama viatu vyake.

Mama Makali alipofika dirishani hakutoa karatasi. Aliweka mfuko wake juu ya kizingiti, ndani ya nondo kabisa, akaanza kupanga visu kimoja kimoja mbele ya karani.

"Hiki cha muuza nyama. Hiki cha muuza nyama. Mkasi huu wa fundi wa sare za shule."

"Mama, toa vitu vyako hapa."

"Sitoi. Utavinoa wewe. Mmechukua jiwe langu, chukueni na kazi yake."

"Unazuia foleni!"

"Foleni, nimewazuia?" Mama Makali akauliza bila kugeuka.

Watu wakatazamana. Kisha mwenye gari jeupe, ambaye alikwisha kupata muhuri wake na angeweza kwenda zake, akasema, "Mhudumieni mama wa watu." Nyuma yake mwingine akasema hivyohivyo, kwa sauti kubwa kidogo. Mtu wa tatu akapiga honi ya mdomo. Karani akainuka akaenda kumwita mkuu wa yadi.

Mkuu alikuwa mtu mnene mwenye haraka, ana kalamu tatu mfukoni. Akamfungulia mlango wa pembeni, akamkaribisha ofisini, akamvutia hata kiti. Mama Makali akaona hilo si jema. Mlango aliuacha wazi, makusudi, na foleni ikajisogeza kuja kusikiliza.

"Mama yangu," mkuu akaanza, "kwanza pole sana kwa usumbufu."

"Nimeshapoa. Baiskeli iko wapi?"

"Hilo ndilo tatizo. Vyombo visivyo na kadi havikai hapa zaidi ya siku tatu. Vinapelekwa kuyeyushwa. Chako kilikwenda juzi." Akatandaza karatasi mezani na kusogeza kidau cha wino wa zambarau. "Hapa unathibitisha tu kwamba umearifiwa na huna madai. Dole gumba linatosha."

Mama Makali aliutazama ule wino. Ulikuwa mpya, haujaguswa, unang'aa. Akakunja ngumi, dole gumba ndani, kama mtoto anayeficha pipi.

"Juzi mimi nilikuwa hapa," alisema. "Tangu asubuhi hadi jioni. Sikuona lori likitoka."

"Lilitoka kwa mlango wa nyuma."

"Na jiwe nalo mmeyeyusha?"

"Kila kitu."

"Jiwe, bwana mkubwa. Limeyeyuka."

Mlangoni mtu alikohoa kwa namna ya kicheko. Mkuu akaisogeza karatasi karibu zaidi. "Weka dole hapo, mama, ukapumzike. Nina watu wengi."

"Kaniletee majivu yake. Nikiyaona naweka madole yote kumi, na ya miguuni nakuongezea."

"Usinifanyie mzaha. Nakwambia hapa hakuna baiskeli. Hakuna! Mimi ndiye mkuu wa yadi hii, kilichomo nakijua."

Hapo ndipo ilipoanza. Ilitoka nyuma ya ukuta, kwanza kwa kusitasita, kisha ikashika: mlio mrefu wa chuma kikisuguliwa, ukipanda na kushuka pumzi kwa pumzi, kama anavyopanda na kushuka mtu anayepiga pedali. Harufu ya chuma kilichoungua ikaingia dirishani.

Mama Makali akafumba macho. Hakuhitaji kuona. Fyekeo, lile la kukatia majani, tena kubwa. Na aliyelishika amelisimamisha wima juu ya jiwe, analikandamiza kwa nguvu zake zote kama anayekwangua masizi.

"Anakausha jiwe huyo," alisema. "Mwambie atie maji. Tone moja moja, atayaona yanavyofuata ukingo."

"Nani?"

"Huyo anayenoa. Na alilaze. Akiendelea hivyo atalichimba jiwe mfereji katikati, na mume wangu hana mguu wa kuchongea jingine."

Vichwa vilikuwa vimejaa mlangoni, cha mwenye gari jeupe mbele, karani nyuma yao wote akinyoosha shingo. Mlio ukasita kidogo, mtu akatema mate, ukaanza tena.

Mkuu wa yadi aliichukua kalamu moja mfukoni, akairudisha, akachukua ya pili.

"Hiyo," alisema, "ni feni."

Wote wakatazama juu. Naye mkuu, kwa kuchelewa, akainua macho yake kama wenzake. Feni ilikuwa imetulia tuli, na buibui alikuwa ametandika utando wake kutoka bawa moja hadi jingine, akazunguka feni nzima, akamaliza.