Binti Yangu Hakukwepa Mtihani

Nyinyi wenye watoto vyuoni, hili msilisome mbiombio. Mimi niliishia shule ya msingi, ni fundi cherehani, na nilidhani mtoto akipata alama nzuri basi kazi imekwisha, kilichobaki ni joho na vigelegele. Thubutu!

Binti yangu alisomea kazi ya maabara, kupima damu na vijidudu. Mwaka wa kwanza walikuwa na somo la lazima la hesabu, lile la kuwatoa watu jasho. Yeye alilimudu hadi mwalimu akamtuma awafundishe wenzake. Siku ya mtihani mwalimu akamwambia, "Wewe ni mwalimu mwenzangu, nikupime nini tena? Nisaidie kuwasimamia hawa." Mwanangu akasimamia. Akagawa karatasi, akakusanya, akarudi nyumbani kichwa kimevimba, na mimi nikavimba naye. Nikatangaza mtaa mzima! Matokeo yalipotoka, mahali pa alama zake pakawa wazi. Mwalimu akasema atarekebisha. Kisha akahama chuo, na simu yake ikawa haipatikani.

Mwaka wa mwisho, wageni nimeshaalika, turubai nimeshaagiza, akaitwa ofisi ya mitihani. Nikafuatana naye.

"Mama, somo hili hana," akasema dada wa ofisi. "Hawezi kuhitimu."

"Hana vipi, na yeye ndiye aliyelifundisha?"

"Kufundisha hakuna alama, mama yangu."

Akatupeleka kwa mkuu wa idara. Mzee yule alikuwa mpole, wala simsingizii. Akasukuma karatasi mezani. "Njia ipo. Asaini kwamba alikwepa mtihani na anaomba msamaha. Kikao kitamhurumia, ahitimu na wenzake. Asiposaini, akae mwaka mwingine, alisome na watoto wa mwaka wa kwanza."

Mimi kalamu nilikuwa nayo mkononi tayari. "Saini, mwanangu, twende zetu."

"Nilikwepa, mama? Si nilikuwa mle mle ndani?"

"Najua. Saini tu."

Akaiangalia ile karatasi kama kitu kilichooza. "Kazi yangu mimi ni kusaini majibu ya wagonjwa. Leo nianze kwa kusaini uongo?"

"Binti, una kiburi," mkuu akasema. "Hospitali iliyokuahidi kazi haitakungoja mwaka mzima."

"Isiningoje."

Moyo ulinipasuka. Nililia, sikatai. Lakini nilimtazama vile alivyosimama, kidevu juu, nikaona nikimlazimisha nitakuwa nimemvunja mwenyewe kwa mkono wangu. Nikairudisha kalamu mezani. "Kalamu yenu hii, baba. Tutasoma hilo somo."

Nyumbani mjomba wake alinivaa. "Dada, umekula nini leo? Kisaini kimoja tu! Watu wanasaini makubwa kuliko hayo."

"Wewe hebu ninyamazie. Ulisaini nini shuleni zaidi ya daftari la watoro?"

Hospitali kweli haikungoja. Nafasi ilikwenda kwa kijana mmoja katika wale aliowafundisha, na siku ya mahafali alikuja na joho lake kumkumbatia. Binti yangu alimpigia makofi hadi viganja vikawa vyekundu, akaja kulia chumbani kwangu.

Turubai sikulirudisha. Shangazi yake akapiga simu: "Wifi, tunasherehekea nini sasa, kufeli?"

"Hajafeli. Tunasherehekea kwamba hakusaini. Njoo na vigelegele vyako, au kaa kwako."

Akaja. Na alipiga kuliko wote.

Sasa binti yangu anakaa mstari wa mbele na watoto wa mwaka wa kwanza. Wanamwita Bibi. Juzi mwalimu mpya amemwona anavyokokotoa, akamwomba awasaidie wenzake. Akamjibu, "Nitawasaidia, mwalimu. Ila mtihani nafanya, na jina langu liandikwe."

Joho lake nimeshalishona, limening'inia ukutani ndani ya nailoni. Wateja wakiuliza ni la nani, nawaambia mwenyewe yuko darasani.

Basi, mama mwenzangu, mtoto akisifiwa, shangilia, halafu muulize: alama zimeandikwa wapi? Muulize mwaka ule ule. Na akikataa kusaini uongo, usimshike mkono kama nilivyotaka kumshika mimi. Lia pembeni, kisha simama naye.