Ilishi wa Mkwe Mpya

Emdad alikuwa na ulimi. Hilo hata adui yake asingemnyima. Ukimsimamisha mbele ya wavuvi wa gati la Char Bhuban, na jua la Oktoba likiwachoma utosini, aliweza kuwasahaulisha jua. Kazi yake kwenye shirika la samaki ilikuwa kumlinda samaki aitwaye ilishi kutoka wavuni mpaka sahanini: mvuvi atumie wavu wa matundu halali, dalali asinunue samaki wachanga, muuza barafu asiwatunzie wezi mzigo, na mwenye mahoteli wa Dhaka awalipe vizuri walioshika adabu. Na adabu kubwa kuliko zote ni ile ya majuma matatu ya mwezi mpevu, ilishi anapotoka baharini na kuupanda mto Meghna, tumbo limejaa mayai. Majuma hayo havuliwi, hauzwi, habebwi, haliwi.

Mwaka ule wavuvi wote wa gati walikula yamini kwamba nyavu zitalala. Wa kwanza kuapa alikuwa mwenyekiti wao, nahodha Mofazzal, mtu mzima wa maneno machache, ambaye akikohoa tu vijana hunyamaza. Haikuwa rahisi. Serikali iligawa mchele, lakini mchele mtupu haushushi tonge. Emdad aliwaahidi mnunuzi: Bi Tahmina, mwanamke wa Dhaka mwenye mahoteli, atakayenunua samaki wao wote msimu mzima bila dalali katikati, ili mradi gati liwe safi. Walimwamini. Walikuwa hawajawahi kumwamini mtu wa shirika, na yeye alijua hivyo, na kujua huko kulimfanya atembee kifua mbele zaidi kidogo ya inavyofaa.

Sasa, Emdad alikuwa bwana harusi wa juzijuzi. Mama mkwe wake, Monowara, mjane aliyekaa ng'ambo ya mto, alimwita kwa mara ya kwanza tangu harusi aje kula Ijumaa. Ijumaa hiyo iliangukia katikati ya marufuku. Emdad hakuona taabu yoyote. Alinunua samaki mnene wa bwawani aitwaye rui, kama desturi inavyomtaka mkwe asiende mikono mitupu, akaongeza na chungu cha maziwa mgando matamu, wakavuka na mkewe Nilufar.

Yeyote aliyewahi kuwa mkwe mpya anajua kwamba kwa mama mkwe mtu haendi kula, anaenda kulishwa. Emdad alikalishwa kwenye mkeka mpya, akapepewa. Majirani walijaa mlangoni, wanawake wenye vitambaa vyao vichwani na maoni yao mdomoni, wamekuja kumpima kama mbuzi wa sikukuu. Zikaja dengu, yakaja mabilinganya ya kukaanga, akaja kuku. Kila akisema ameshiba, kijiko kingine kilishuka. Mwisho Monowara mwenyewe akaleta bakuli lililofunikwa, akalitua mbele yake kwa mikono miwili.

"Funua, baba," akasema. "Hicho ndicho ulichoitiwa."

Hakuhitaji kufunua. Harufu ya ilishi haijui siri. Alifunua hata hivyo, na humo, ndani ya mchuzi wa haradali wenye rangi ya manjano, vipande vya ilishi vilikuwa vimelala, na juu yake mapande mawili ya mayai, manono, yaliyokaangwa kidogo pembeni.

Nilufar aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Mama! Umempata wapi huyu?"

"Nimempata nilipompata."

"Mama, lakini huyu si ndiye anayekataza watu?"

"Anakataza kazini," Monowara akasema, wala hakuwa na hasira. "Hapa hayuko kazini, yuko kwa mkwewe. Kwani polisi akienda kwao hula na pingu mkononi? Mkwe wangu wa pekee aje mara ya kwanza nimpe dengu? Baba yake Nilufar angefufuka anitukane. Kula, baba. Nimesaga haradali tangu alfajiri, tazama vidole vyangu."

Akavionyesha. Vilikuwa vimevimba.

Emdad alitazama vidole, akatazama bakuli. Kwa wavuvi angekuwa na hotuba nzima. Atamwambia nini mjane huyu mbele ya majirani zake? Kwamba heshima yake ni kosa? Mlangoni wakaanza kuchokoza.

"Ana nini mkwe wa Monowara?"

"Anaogopa miiba. Si unajua hawa wa ofisini, samaki wao huletewa ameshatolewa mifupa."

"Basi mchambulie, Nilufar, umtilie mdomoni."

Wakacheka. Monowara naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa yameanza kuingia woga, na ule woga ndio uliommaliza Emdad. Akamega yai, akachanganya na wali, akala.

Niseme ukweli, maana kusema uongo hapa hakumsaidii mtu: lilikuwa tamu. Laiti lingekuwa na ladha ya majivu, angeweza kusema baadaye kwamba alijilazimisha. Lilikuwa tamu mpaka akafumba macho. Akala kipande cha kwanza kwa adabu na cha pili kwa hamu, na mama mkwe alipouliza vipi, akasikia mdomo wake mwenyewe ukijibu, "Sijawahi kula ilishi kama huyu, mama."

Nilufar aliinamisha uso. Monowara alichanua.

"Basi utaondoka na mwingine," akasema. "Yule muuzaji alisema anaye mmoja amebaki, na bado yuko huku kwetu. Nimeshatuma aitwe."

Kabla Emdad hajameza, mtu alibisha mlango wa uani. Monowara akamkaribisha hukohuko ndani, maana samaki wa marufuku hafunguliwi nje. Akaingia mwanamume aliyejifunga shuka kichwani kama mwenye homa, gunia kwapani. Aliposhusha shuka kupumua, macho yake na ya Emdad yakakutana.

Alikuwa nahodha Mofazzal.

Emdad alikuwa ameshika tonge nusu njia, vidole vyake vya manjano tupu. Mofazzal alikuwa ameshika gunia, mkia wa ilishi ukichungulia. Damu ilimpanda Emdad mpaka masikioni. Kuna aibu ambayo mtu huweza kuigeuza hasira akamrushia mwenzake. Hii haikugeuka, kwa sababu kila mmoja alikuwa na yake ya kutosha mkononi.

"Huyu ndiye mkwe wangu," Monowara akasema kwa fahari. "Mtu mkubwa wa shirika la samaki. Lakini usiogope, ni wa nyumbani. Mnajuana?"

"Hapana," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Mofazzal akaweka gunia chini taratibu. "Asalaam aleikum, bwana."

"Waaleikum salaam."

"Bwana amempenda samaki?"

Hapakuwa na dhihaka katika sauti yake. Laiti ingekuwapo. Emdad alitazama sahani, miiba imepangwa pembeni vizuri kabisa, kazi ya mlaji hodari.

"Ni mtamu," akasema.

Mofazzal akaitikia kwa kichwa, akamwambia mama mwenye nyumba kwamba huyu wa pili bahati mbaya ameshaahidiwa mtu, akajifunika shuka, akachukua gunia lake akatoka. Monowara akalalamika kwamba wavuvi wa siku hizi hawana msimamo. Emdad alinawa mikono kwa sabuni, akanawa tena, akaomba ndimu.

Njiani kurudi Nilufar alimuuliza kimoja tu: "Ulikuwa unamjua yule mtu, siyo?"

"Namjua."

Hakuuliza zaidi. Emdad angependa aulize.

Marufuku ikaisha. Kila usiku, akijigeuzageuza kitandani, Emdad alijiapiza kwamba atasema, na asubuhi akajiambia asubiri kidogo. Kumshitaki Mofazzal hakuweza. Shahidi wa kwanza angekuwa tumbo lake. Kujishitaki mwenyewe aliogopa. Akanyamaza, na kila siku aliyonyamaza ilifanya ya kesho yake iwe ngumu zaidi.

Bi Tahmina akaja kutoka Dhaka, ameshika mwavuli, viatu vyake mkononi kwa sababu ya matope. Gati lote lilikusanyika. Alikuwa mwanamke wa maneno mafupi.

"Nimependa nilichokiona," akasema. "Ila kuna jambo. Dereva wa boti ya abiria ameniambia kuna mtu wa gati hili alionekana ng'ambo wakati wa marufuku, ana ilishi kwenye gunia. Samaki mmoja hanitishi. Kinachonitisha ni gati zima kuficha. Mkinificha hili moja, nitajuaje mangapi mengine mnaficha? Aliyefanya aseme, tuendelee. Asiposema, boti yangu iko pale."

Wavuvi wakatazamana, kila mmoja akiwa na hakika kwamba si yeye na hana hakika na jirani. Emdad alikuwa amesimama pembeni mwa Bi Tahmina, mahali pa heshima. Alisema moyoni: sasa. Sema sasa. Akafungua mdomo.

"Ni mimi," nahodha Mofazzal akasema.

Hata kuku waliokuwa wakidonoa pale chini nadhani waliacha. Mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Nilivua wawili. Mmoja nilimuuza, wa pili nilimrudisha mtoni, ingawa alishakufa. Hakuna aliyejua hapa, hata mke wangu. Wenzangu walitimiza yamini yao. Mimi sikutimiza."

"Ulimuuzia nani?" Bi Tahmina akauliza.

"Mjane mmoja. Alikuwa na mgeni."

"Mgeni gani huyo, mwenye hadhi ya kupikiwa samaki wa marufuku?"

Mofazzal akageuza kofia mkononi mwake.

"Sikumtazama usoni," akasema.

Bi Tahmina akakunja mwavuli. Alisema mtu akikiri mwenyewe, gati lina mlinzi, atanunua. Lakini sheria waliyojiwekea ibaki sheria. Mashua zilizo kwenye mpango zina alama ya kijani kwenye omo, mbele kabisa ya chombo, na mashua ya aliyevunja yamini hufutwa alama, msimu huo mzima haimuuzii yeye. Mofazzal arudi kwa madalali. Na kufuta ni kazi ya mtu wa shirika.

Macho yote yakamgeukia Emdad, tena kwa upole, kama watu wanavyomtazama aliyepewa kazi chungu.

Mashua ya nahodha ilikuwa imevutwa matopeni. Mofazzal mwenyewe alileta kopo la rangi nyeusi akalishika. Emdad akapiga magoti mbele ya omo, brashi mkononi, na akasema kwa sauti ya chini:

"Nahodha, nitamwambia. Bado hajaondoka. Nitamfuata kwenye boti nimwambie yule mgeni ni nani."

"Halafu?"

"Halafu aamue."

"Ataamua kuondoka," Mofazzal akasema. "Alikuja hapa kwa ulimi wako. Ulimi ukioza, anabaki kwa lipi? Na wewe ukifukuzwa, shirika litaleta kijana mwingine mwenye viatu safi, tuanze upya kumfundisha kutembea kwenye matope. Mashua zote hizi zirudi kwa madalali ili wewe ulale usingizi?"

"Ulinifichia aibu yangu, na mimi sikustahili."

"Sikukufichia wewe. Usinishukuru, utaniudhi. Nimewafichia hawa." Akaashiria kwa kidevu wavuvi waliokuwa wakianza kutandaza nyavu. "Aibu yako nenda nayo nyumbani, kama mimi ninavyokwenda na yangu."

Emdad akapaka mkupuo mmoja. Kijani kilionekana bado chini yake. Akauliza, kwa sababu ilikuwa imemkaa moyoni tangu siku ile:

"Kwa nini lakini? Wewe, kati ya wote?"

Mofazzal aliguna, karibu acheke.

"Mkwe wangu alikuwa anakuja," akasema. "Mume wa binti yangu mdogo, mara ya kwanza tangu harusi. Nyumbani mchele na chumvi. Ningempikia ilishi, harufu ingefika mpaka msikitini. Nikaona nimuuze mbali, ninunue kuku."

"Alikula?"

"Alikula. Alisema kuku ni mkavu."

Hapo Emdad alishindwa kunyanyua uso. Aliendelea kupaka, rangi ikimchirizika mpaka kiwikoni. Vijana wawili wa gati walikuja wakasimama nyuma yao kutazama. Mmoja alikuwa analia, maana nahodha ndiye aliyemfundisha kushika usukani, lakini alijikaza akasema kwa sauti ili kila mtu asikie:

"Inauma, lakini ni haki. Bora afute yeye, kaka Emdad. Kazi hii inataka mtu mwenye mkono safi."

Emdad alingoja mzee aseme neno. Nahodha Mofazzal akasema ni kweli, akamsogezea kopo karibu, akamwonyesha kwa kidole pale pembeni palipobaki kijani.