Taulo Kumi na Mbili za Bwana Bujiku

Haya aliniambia Paskazia, binti wa marehemu dada yangu, Jumapili ya pili ya mwezi wa nane, tulipotoka misa tukakaa kumenya karanga. Mambo yenyewe yalikuwa ya Alhamisi iliyotangulia. Alinisimulia mara mbili. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka, na hiyo ya pili ndiyo ninayoiandika.

Paskazia anafuta magari Nyasubi, mjini Kahama. Nasema anafuta, siyo anaosha. Kwenye kituo cha mzee Abdulshakur kila mtu ana sehemu yake. Masalu, mwanamume wa makamo mwenye maneno mengi, hushika mashine ya presha, povu na matairi. Paskazia hukausha. Na anayekausha ndiye anayelaumiwa, maana gari chafu halionyeshi mkwaruzo. Likishang'aa ndipo watu huanza kutafuta mchawi.

Saa moja asubuhi alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni zake akipanga taulo. Watu wengi hudhani kitambaa ni kitambaa. Wengine hufutia gari fulana iliyochoka, kisha wanashangaa rangi imekuwa kama imelambwa na mbuzi. Paskazia anatumia maikrofaiba, na hakuna aliyemfundisha kuzichagua. Huanza na mkono. Kiganja chake kimepasuka kwa sabuni, na taulo nzuri hushika ile mipasuko kama makucha ya mtoto wa paka. Ikiteleza, ni plastiki tu, airudishe kwa mwenye duka. Kisha humwaga maji mezani, aone kama taulo inayanywa au inayasukuma. Yenye manyoya marefu ni ya bodi, nyembamba iliyofumwa bapa ni ya vioo. Lebo huikata siku hiyo hiyo, kwa sababu lebo ni kisu kidogo. Taulo ikianguka chini mara moja tu, imeshuka cheo, inakwenda kwenye rimu, wala hairudi juu hata ifuliwe na malaika. Vumbi la huku ni jiwe lililosagwa. Makarasha, mashine za wachimbaji, yanasaga mawe mchana kutwa, na upepo unatugawia sote bila upendeleo. Ni kitu pekee hapa kinachogawiwa hivyo.

Mzee Abdulshakur akaingia na furushi kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Monika. Hizi ndizo taulo zetu kuanzia leo. Zile zako weka kando."

Zilikuwa kumi na mbili, kila moja ndani ya nailoni yake, na juu ya kila nailoni muhuri wa zambarau.

"Zimetoka wapi?"

"Kwa Bi Dorah. Kuna barua imekuja. Vituo vyote tutumie taulo zilizothibitishwa ubora, na duka lililoruhusiwa ni moja."

Bi Dorah ni mke wa Bwana Bujiku, na barua aliiandika Bwana Bujiku. Ofisi yake sitaitaja. Ni moja ya zile ambazo watu hawajui zinafanya nini mpaka siku zinapokuja kufunga kitu. Kwa bahati tu, duka lililofaa katika mji mzima likawa la mke wake. Bahati ya watu wenye muhuri haichoki.

"Saa nne Bwana Bujiku analeta gari lake lioshwe, na anakagua hapo hapo," mzee akaendelea. "Sikutishi, mwanangu, nakueleza. Gari lile likipata mkwaruzo mmoja, wewe kazi huna."

Mzee alipokwenda kufungua banda, Paskazia akatoa taulo moja, akapitisha kiganja. Ilishika, lakini chini ya manyoya palikuwa na kitu kingine, kama ulimi wa ng'ombe. Juu manyoya yalimetameta kwa ugumu. Imepigwa pasi. Maikrofaiba haipigwi pasi, ncha zake huyeyuka zikawa miiba. Akageuza pembe, akaona uzi wa bluu umefungwa mafundo matatu.

Akakaa chini kabisa.

Kabla ya kufuta magari, Paskazia alikuwa anaosha mchanga wa dhahabu. Alifanya kazi kwenye mwalo, pale wanawake wanapotandika taulo za manyoya juu ya ubao ulioinama na kupitisha maji yenye mawe yaliyosagwa. Mchanga mwepesi huenda na maji, kilicho kizito hubaki kwenye manyoya. Kila mwanamke hufunga uzi wake pembeni ili taulo yake isibadilishwe. Wa bluu wenye mafundo matatu ni wa Febronia, shoga yake wa Ushirombo. Mwezi wa tano Bwana Bujiku alikuja na barua, akaufunga mwalo kwa kukosa kibali. Walichukua mbao, pampu, makarai, hata taulo zikiwa bado zinachuruzika maji. Vielelezo, walisema. Basi vielelezo vikafuliwa kwa sabuni ya unga, vikapigwa pasi, vikatiwa kwenye nailoni.

"Mayu we!" Masalu akasema alipoonyeshwa ule uzi. "Wameufunga mwalo, halafu wanauuza vipande vipande!"

"Usicheke. Zina mchanga ndani. Hizi zitachora gari."

"Si gari lake? Liache lichorwe."

"Gari lake, kazi yangu."

Akamfuata mzee, akamweleza yote: uzi, pasi, mchanga. Mzee alisikiliza akiwa ameshika kufuli.

"Mama Monika, mimi nimeona muhuri. Uzi sijauona."

Saa nne na nusu Bwana Bujiku alifika. Gari jeusi, miwani nyeusi, na tai katika joto lile la Kahama.

"Shikamoo, bwana," akasema Paskazia.

"Mmh."

Hata marahaba ilimshinda. Masalu akapiga presha, akapaka povu, akasuuza. Paskazia akachukua taulo yake ya zamani, ile ya kijivu, akaitandaza juu ya boneti.

"Hiyo nini?" Bwana Bujiku akauliza.

"Taulo yangu, bwana. Niliichagua mwenyewe."

"Imethibitishwa na nani?"

"Na boneti mia tatu."

Masalu akakohoa. Bwana Bujiku hakukohoa. "Mzee Abdulshakur, huyu mama wako anajua kusoma? Kanuni inasema taulo zenye muhuri."

"Tumia zenye muhuri, Mama Monika," mzee akasema akitazama viatu vyake.

"Zitakwaruza, bwana. Zina mchanga. Nasema mbele ya mzee na mbele ya Masalu, nisije nikaulizwa baadaye."

"Umejifunzia wapi elimu ya taulo wewe?"

"Mwaloni."

Hakusikia, au alisikia akaliacha lipite. Alikuwa ameshafungua daftari la ukaguzi juu ya meza ya mzee, akaandika, akapiga muhuri: *Taulo zimekaguliwa. Ni mpya, ubora unaridhisha.* Kisha akanyoosha kidole. "Futa."

Akafuta. Hakukandamiza. Aliivuta taulo polepole kwa uzito wake tu, kama anavyofanya siku zote, na bado alisikia ule mlio mdogo, kama mchele unaopepetwa nyumba ya jirani. Alimaliza boneti, akamaliza milango miwili. Jua lilipotoka nyuma ya banda na kuangukia lile boneti, kila mtu aliona. Mistari ilizunguka bodi nzima kama utando wa buibui.

Bwana Bujiku alivua miwani. Akaivaa tena, kama kwamba kosa lilikuwa la miwani.

"Umefanya nini?"

"Nimefuta, bwana."

"Umeniharibia gari! Mzee, umeona? Huyu ni mshenzi, hajui kushika hata kitambaa!"

Mzee Abdulshakur hakuwa na sauti ya kumjibu mwenye muhuri, lakini ya kumwambia Paskazia alikuwa nayo. "Mama Monika, vua aproni."

"Navua, mzee. Niruhusu kwanza niisuuze hii taulo. Sijazoea kuacha kazi chafu."

Hakungoja jibu. Akaleta karai, akatia maji, akaichovya taulo, akaikamua, akaikung'uta humo humo. Kisha akalishika karai kwa mikono miwili, akaanza kulizungusha. Wenye magari mengine wakasogea. Karai likizungushwa na mtu anayejua, maji hutoka kidogo kidogo kwenye ukingo, mchanga mweupe huyafuata, mpaka chini unabaki mkia mwembamba wa mchanga mweusi. Ulibaki. Na kwenye ncha ya mkia palikuwa na kitu cha njano, hata punje ya ulezi ilikizidi, lakini kiling'aa peke yake.

"Mali hiyo!" Masalu akasema kwa sauti ya chini.

Bwana Bujiku alilisahau gari. Ndiyo mara ya kwanza alimtazama Paskazia usoni. "Dada yangu," akasema. "Dada, lete hilo karai."

"Ya nini, bwana?"

"Hicho ni kielelezo cha serikali."

"Kielelezo kutoka wapi? Taulo si mpya? Si umeandika mwenyewe kwenye daftari?" Watu walikuwa wamefika kumi na tano. "Kama zimetoka kwenye mwalo wetu uliofungwa, sema tu, nikukabidhi, na Febronia nitamwambia zilipo. Kama ni mpya, basi haya ni maji machafu ya gari lako. Ni maji ya nini, bwana? Taja mwenyewe."

Akatazama daftari. Akatazama muhuri wake mwenyewe, ambao wino wake ulikuwa haujakauka.

"Maji ya gari," akasema.

"Haya."

Paskazia akalimwaga karai kwenye mtaro, pale povu la magari yote ya Nyasubi linapopita kwenda zake. Akalisuuza karai, akaligeuza chini, akavua aproni, akaikunja.

Bwana Bujiku alizoa taulo zote kumi na mbili, ile iliyolowa ikiwa juu, akazitia kwenye buti kwa ukaguzi zaidi, akaondoka na utando wake wa buibui. Mzee Abdulshakur, mwenye nyumba tatu za kupangisha, alikuwa ameshapiga magoti mtaroni na kijiko cha chai.

"Kesho usije," akamwambia Paskazia bila kuinua uso kutoka kwenye tope.

"Ngoja nikutafutie mwanga mzuri kwanza, mzee, jua lisikuumize macho," akasema Masalu, akamkinga kwa ndoo, jua likazibwa kabisa.

Paskazia alirudi nyumbani kwa miguu, ile taulo yake ya kijivu begani. Hakuwa na kazi. Alichemsha michembe ya viazi vilivyokaushwa, wakala na Monika, binti yake, na karanga kidogo. Aliifua taulo kwa maji matupu, akaianika ndani kwenye kamba, mbali na vumbi. Jua lilipozama tu mtoto akalala, na yeye hakuchelewa kumfuata.

Yaliyobaki yalisemwa kesho yake na Wema, jirani yake, ambaye ndiye anayepika kwa Bwana Bujiku. Bwana hakurudi ofisini siku ile. Alijifungia uani na beseni, Bi Dorah akimshikia taa ya simu giza lilipoingia. Hakujua kuzungusha. Alikoroga, kama anayekoroga uji, kisha akamwaga, akachukua taulo nyingine, akakoroga. Chochote kilichokuwamo alikimwaga mwenyewe. Kwenye taulo ya tisa Bi Dorah alichoka, akaenda kitandani na simu yake. Bwana Bujiku akabaki juu ya kigoda, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi, mikono ndani ya beseni, amelala, na tai yake ndani ya maji ikiyanywa vizuri kuliko taulo zake zote.